Silinda ya Pawaso Moja Juu ya Injini ya Nyingine

Pawaso ikikosa oili kwenye petroli, au ikivuta hewa nyingi kuliko mafuta huku imo katikati ya gogo, kinachoungua kwanza ni pistoni na silinda. Krenki na kasha lake, klachi, tangi na mishikio mara nyingi hubaki salama. Hapo ndipo swali linapozuka: je, silinda ya pawaso ya aina nyingine, labda kubwa kidogo kuliko ile iliyoharibika, inaweza kufungwa juu ya kasha lilelile? Jibu linategemea vipimo vichache visivyoonekana kwa nje. Na kama injini imewahi kuchezewa na fundi, vipimo hivyo havisomwi tena kitabuni. Vinachukuliwa kwenye chuma chenyewe.

Katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma swali hili lina uzito wa pekee. Mbao nyingi hupasuliwa palepale mti ulipoangukia, kwa pawaso peke yake: mkaratusi, saipresi, mgrivilea. Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, marufuku ambayo Rais William Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023, wanunuzi wa mbao walielekea zaidi kwenye miti ya mashamba ya watu binafsi, na shambani hakuna mashine ya kiwanda. Kupasua gogo kwa urefu ni kazi ngumu kuliko kulikata vipande. Kukata huchukua muda mfupi, kisha injini inapumua. Kupasua ubao wa futi 10 huishikilia injini kwenye kasi ya juu dakika baada ya dakika, joto lisipate nafasi ya kushuka. Mpasuaji mbao hutafuta injini kubwa kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyohiyo injini yake huungua upesi.

Sababu nyingine ni ya mahali penyewe. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na misitu ya Mlima Elgon na Cherangani iko juu zaidi. Katika kimo cha Kitale shinikizo la hewa ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu sehemu 1 kati ya 5. Mjini Bungoma, takriban mita 1,400, upungufu ni karibu asilimia 15. Injini ya pawaso hujivutia hewa yenyewe, haisukumiwi, kwa hiyo nguvu yake hushuka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mwenye kununua pawaso kwa kusoma nguvu iliyoandikwa kwenye boksi hapati nguvu hiyo Kitale, hata mashine ikiwa mpya na halali. Silinda kubwa ni njia mojawapo ya kurudisha sehemu ya kilichopotea, ingawa ni sehemu tu.

Ukubwa wa injini hutokana na vitu viwili: kipenyo cha silinda na safari ya pistoni, yaani umbali ambao pistoni hupanda na kushuka. Safari huamuliwa na krenki; silinda haiwezi kuibadilisha. Kwa hiyo mtu anayetafuta silinda mbadala huanza na zile zilizotengenezwa kwa krenki yenye safari ileile. Watengenezaji wenyewe wamerahisisha jambo hili kwa kujenga pawaso kwa koo. Husqvarna 61, 268 na 272 zote zina safari ya milimita 34, na vipenyo vyake ni 48, 50 na 52. Husqvarna 365 ya zamani na 372 zina safari ya milimita 36, ya kwanza ikiwa na kipenyo cha 48 na ya pili 50. Kwa upande wa Stihl, 064 na 066 zina safari ya 40 na vipenyo vya 52 na 54; 070, farasi wa wapasuaji mbao wengi, ina safari hiyohiyo ya 40 na kipenyo cha 58, na ndugu yake 090 ina 66.

Hesabu ya faida ni rahisi. Kutoka 365 kwenda 372, ujazo unapanda kutoka sentimita za ujazo 65.1 hadi 70.7, ongezeko la asilimia 8 na nusu hivi. Kutoka 268 kwenda 272 ni karibu asilimia 8. Hiyo ni chini ya nusu ya kile ambacho kimo cha Kitale kimechukua. Ongezeko kubwa, kama lile la 070 kwenda 090 ambalo linafika karibu asilimia 30, huja na pistoni nzito zaidi, joto zaidi na mzigo zaidi juu ya beringi. Hakuna nguvu inayopatikana hapa bila kulipiwa mahali pengine.

Kulingana kwa safari ni mwaliko wa kwanza tu. Pawaso 2 zaweza kuwa na jina moja na bado silinda zake zisikubaliane. Matoleo ya baadaye ya Husqvarna 372 yenye mfumo wa X-Torq yana njia za ziada zinazoingiza hewa safi kabla ya mchanganyiko wa mafuta, na kabureta yake imeundwa kwa ajili hiyo. Silinda hiyo ikifungwa pamoja na kabureta ya zamani, njia za hewa hubaki bila kazi au huvuta hewa mahali pasipotakiwa. Tena soko lina silinda nyingi za kuigiza ambazo hufanana na za asili kwa umbo lakini hutofautiana kwa sehemu za milimita, na sehemu za milimita ndizo kazi yote ilipo.

Kwa nini sehemu za milimita? Kwa sababu katika injini ya viharusi 2 silinda hufanya kazi mbili. Injini ya pikipiki kama Bajaj Boxer ina valvu zinazofunguliwa na kufungwa na kemshafti, na bloku yake ni nyumba ya pistoni tu. Pawaso haina valvu. Ukuta wa silinda umetobolewa milango: mmoja wa kuingizia mchanganyiko kutoka kwa kabureta, mmoja wa kutolea moshi, na njia za pembeni zinazopandisha mchanganyiko kutoka kwenye kasha la krenki hadi juu ya pistoni. Pistoni yenyewe, ikipanda na kushuka, ndiyo inayofunika na kufunua milango hiyo. Silinda ikikaa juu zaidi au chini zaidi ya pale ilipokusudiwa, milango yote hufunguka na kufungika kwa wakati mwingine.

Hapa ndipo injini iliyochezewa inapoleta utata. Fundi wa awali huenda aliondoa gasketi ya chini ili kuongeza mbano, akafunga kwa gundi ya silikoni. Huenda alikereza uso wa kasha uliopasuka, akatupa nusu milimita bila kuandika popote. Huenda krenki ilitolewa kwenye pawaso ya kuigiza. Huenda milango ya silinda ya zamani ilipanuliwa kwa tupa, na kabureta ikawekewa mafuta mengi kuifuata. Kila badiliko la namna hiyo lilikuwa na maana kwa silinda iliyokuwepo. Silinda mpya inapokuja, msingi unaoikaribisha si ule ulioandikwa na kiwanda, na anayefuata vipimo vya kiwanda anapimia injini ambayo haipo tena.

Kipimo cha kwanza ni cha kikao. Mashimo ya bolti lazima yalingane, lakini hilo ndilo dogo. Chini ya silinda kuna shingo inayoingia ndani ya mdomo wa kasha. Silinda yenye kipenyo kikubwa ina shingo nene, na mdomo wa kasha huenda ukawa mwembamba. Baadhi ya mafundi huupanua mdomo kwa kuukereza au kwa tupa. Kabla ya hapo inafaa kujua kasha ni la chuma gani. Makasha mengi ya pawaso za kazi nzito ni ya magnesiamu, na unga wa magnesiamu ukipata cheche huwaka kwa moto mkali ambao maji huuchochea. Huzimwa kwa mchanga mkavu. Kwa sababu hiyo hiyo, kulisaga kasha kwa grainda karibu na mahali pa kuchomelea ni hatari ya kweli. Na ukuta ukishapunguzwa, bolti huwa zimebaki na nyama kidogo ya kushikia.

Kipimo cha pili ni pini ya pistoni. Pistoni huja na silinda yake, na shimo lake la pini lazima lilingane na beringi ndogo ya juu ya konrodi. Pini ikiwa nyembamba kuliko beringi, injini itagonga. Dawa ni kutafuta beringi ya sindano yenye kipenyo cha ndani cha pini mpya na kipenyo cha nje cha konrodi iliyopo. Kutia kipande cha bati katikati ya pini na beringi, kama inavyofanywa wakati mwingine, ni kununua krenki mpya kwa malipo ya baadaye.

Kisha kuna kimo cha pistoni: umbali kutoka katikati ya pini hadi uso wa juu. Pistoni ikiwa ndefu milimita 1 kuliko ya awali, itagonga kichwa cha silinda. Ikiwa fupi milimita 1, mbano utapotea. Haya yote hukutana katika nafasi moja, ile inayobaki kati ya ukingo wa pistoni na kichwa pistoni ikiwa juu kabisa. Kuipima hakuhitaji mashine. Kipande cha waya laini wa kulehemu huingizwa kupitia tundu la plagi hadi kiguse ukuta wa silinda, upande wa pini, kisha krenki huzungushwa kwa mkono hadi pistoni ipite juu. Waya hubanwa, hutolewa, na ncha yake hupimwa kwa kalipa. Zoezi hurudiwa upande wa pili wa pini, kwa kuwa pistoni huweza kuinama kidogo na kipimo cha upande mmoja kikadanganya. Kwa pawaso kubwa, nusu milimita ndiyo mpaka wa chini unaofaa kuheshimiwa. Chini ya hapo, injini ikipata joto na beringi zikichoka kidogo, chuma hugusana na chuma. Ikizidi milimita 1, mbano hulegea na mafuta hayaungui vizuri.

Nafasi hiyo hurekebishwa kwa unene wa gasketi ya chini. Kwa silinda ya kipenyo cha milimita 50, kuishusha nusu milimita hupunguza chumba cha kuchomea kwa karibu sentimita 1 ya ujazo, ambayo ni sehemu kubwa ya chumba kidogo kama kile. Ndiyo maana kuondoa gasketi huonekana kama muujiza mashine inapowashwa. Lakini milango nayo imeshuka nusu milimita. Katika injini yenye safari ya 36, hiyo ni karibu digrii 2 za mzunguko wa krenki: mlango wa moshi hufunguka ukiwa umechelewa na hufungika mapema, na mlango wa kuingizia hukaa wazi muda mrefu zaidi. Matokeo ni injini yenye nguvu zaidi kwenye kasi ya chini na inayochoka kwenye kasi ya juu. Kwa mpasuaji mbao badiliko hilo si baya, wengi wangelichagua. Ubaya ni kulipata bila kujua.

Milango hupimwa kwa duara la digrii lililofungwa kwenye flaiwili, na hata duara lililochorwa kwenye kadibodi kwa protrakta ya shule linatosha. Katika pawaso nyingi mlango wa moshi huanza kufunguka pistoni ikiwa imepita juu kwa digrii 100 hivi au zaidi kidogo, na njia za pembeni hufuata digrii 15 hadi 20 baadaye. Pengo hilo la katikati ni la lazima. Moshi lazima upate muda wa kutoka na shinikizo lishuke kabla ya mchanganyiko mpya kuruhusiwa kupanda; pengo likiwa dogo mno, moshi husukumwa kurudi chini kwenye kasha na injini hupoteza pumzi. Silinda iliyopimwa na kuonekana kuwa na pengo la digrii 8 au 9 juu ya kasha lake jipya haifai kufungwa jinsi ilivyo, hata kama bolti zimeingia zenyewe.

Kuna jambo linalowapoteza mafundi wazuri kabisa wa pikipiki. Bloku ya Boxer ina mkono wa chuma cha kutupwa ndani yake, na ikiisha hupanuliwa kwa mashine kisha hutiwa pistoni ya saizi ya juu, robo au nusu milimita zaidi. Kazi hiyo ni ya kawaida mijini. Silinda ya pawaso ni ya alumini tupu iliyopakwa ndani utando mwembamba na mgumu sana, aidha wa kromu au wa nikeli iliyochanganywa na kabidi ya silikoni, ule ambao kampuni ya Ujerumani ya Mahle iliubuni miaka ya 1960 kwa jina la Nikasil. Utando huo ni mwembamba kuliko karatasi nene. Kuupanua kwa mashine ya kuboa ni kuumaliza, na pistoni ikipita juu ya alumini tupu hukwama baada ya muda mfupi. Pistoni ya pikipiki ya viharusi 4 nayo haifai hata ikilingana kipenyo. Sketi yake ni fupi, haiwezi kufunika mlango wa kuingizia, na mifereji yake ya ringi haina vipini vya kuzuia ringi zisizunguke. Ringi ikizunguka, ncha zake hunasa kwenye mlango na kukatika.

Jambo la faraja ni kwamba silinda iliyoonekana kufa mara nyingi haijafa. Mikwaruzo mingi ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka na kushika juu ya utando. Tindikali ya chumvi au kostiki soda huiyeyusha alumini hiyo, mradi dawa ipakwe pale tu, kwa glavu na miwani, mahali penye upepo, bila kugusa kingo za milango ambako alumini ya silinda iko wazi. Baada ya kusuuzwa, ukucha ukipitishwa na usikwame, utando ni mzima. Inafaa kujaribu hivyo kabla ya kutafuta silinda ngeni.

Kingo za milango ya silinda mpya, hasa ya kuigiza, hupitishwa jiwe laini ili ringi zisikwaruzwe. Ringi huingizwa peke yake ndani ya silinda na pengo la ncha zake kupimwa. Kwa kipenyo cha milimita 50 lisipungue 0.2, kwa kuwa ringi hurefuka ikipata joto. Mshale ulio juu ya pistoni huelekezwa upande wa moshi. Plagi huhakikishwa kuwa ya urefu wa nyuzi uliokusudiwa: ile inayotumika sana, NGK BPMR7A, ina nyuzi za milimita 9.5, na plagi ndefu kuliko hapo hugonga pistoni. Kifuniko kinachoelekeza upepo wa feni kwenye mapezi ya silinda lazima kikae bila mwanya. Silinda kubwa iliyokatiwa kifuniko ili itoshe hupoteza upepo wake, na kupasua mbao bila upepo huo hakudumu.

Kabla ya kuwasha, injini hujaribiwa kama inavuja. Mlango wa moshi na wa kuingizia huzibwa kwa raba iliyokatwa kwenye tyubu ya pikipiki, hewa husukumwa kupitia tundu la plagi kwa pampu yenye geji hadi PSI 7 hivi, na sindano isishuke haraka. Kisha jaribio hurudiwa kwa kuvuta badala ya kusukuma, maana sili ya krenki huweza kuzuia hewa isitoke na ikashindwa kuizuia isiingie. Hatua hii hurukwa kuliko nyingine zote, na pawaso nyingi huua silinda ya pili kwa kosa lilelile lililoua ya kwanza.

Mbano hupimwa kwa geji, na hapa kimo cha Kitale hurudi. Geji husoma shinikizo lililozidi la hewa ya mahali. Injini ambayo Mombasa ingesoma PSI 150 itasoma karibu 120 ikiwa Kitale, bila kasoro yoyote. Anayelinganisha na kitabu kilichoandikwa Ulaya ataitupa silinda nzuri.

Hewa hiyohiyo nyepesi huongoza kabureta. Kwa kuwa hewa ni kidogo, mafuta yanakuwa mengi, na skrubu ya H, ile ya mafuta ya kasi ya juu, hufungwa kidogo hadi injini ivute vizuri. Silinda kubwa nayo huvuta zaidi, kwa hiyo mpangilio wa zamani hautegemewi. Sauti ndiyo kiongozi: bila mzigo, kwenye kasi ya juu, injini iwe na mngurumo wa kukatika-katika, na mngurumo huo usafike pale mnyororo unapouma mti. Ikilia kwa sauti kali iliyonyooka hata bila mzigo, mafuta ni machache. Pawaso iliyorekebishwa kwenye miteremko ya Elgon kisha ikapelekwa kufanya kazi Busia, mamia ya mita chini, hukutana na hewa nzito na mafuta pungufu. Ifunguliwe H kidogo kabla ya kuguswa gogo la kwanza.

Nguvu iliyoongezeka hudai mambo mengine. Mtetemo hupanda, kwa sababu uzito wa mizani kwenye krenki ulipangwa kwa pistoni nyepesi, na raba za mishikio zilizochoka hazitaumeza. Mikono inayofa ganzi ni dalili ya madhara kwenye mishipa. Pampu ya oili ya mnyororo hufunguliwa zaidi. Kwa kupasua, meno hunolewa kwa pembe ya digrii 10 hivi badala ya 30 za kukatia, na fremu ya kuongozea pawaso juu ya gogo huipunguzia injini kazi kwa sababu mnyororo haupindi. Wakati mwingine mnyororo ulionolewa kwa pembe ya kupasulia hutosha kuondoa haja ya silinda kubwa.

Kwa matangi machache ya kwanza injini hutiwa oili halisi ya viharusi 2, na mchanganyiko wa 1 kwa 25 ni salama kwa oili za kawaida. Magogo huwa madogo na mapumziko huwa mengi. Injini ikisha kupoa, bolti za silinda hukazwa tena kwa mshazari. Ekzosi hufunguliwa, na pistoni hutazamwa kupitia mlango wa moshi kwa tochi. Mistari myembamba ya wima upande wa moshi humaanisha mafuta bado ni machache au hewa inavuja mahali, na pawaso hairudi shambani hadi chanzo kipatikane.